Mizani ya Daktari Mtarajiwa

Wamarekani wana ukarimu wa ajabu. Ukifanya MCAT, mtihani wa kuombea nafasi ya kusomea udaktari, ukakosa maswali yote 230, hutoki na sifuri. Unatoka na 472! Huko ndiko chini kabisa. Kilele ni 528. Bibi yangu angeisikia 472 angechinja jogoo.

Basi usishangilie mapema. Kuna mizani ya pili: wastani wa alama za chuo, unaoishia 4.0. Hapo ukarimu unakoma. Somo la kemia ulilofeli mwaka wa kwanza, kisha ukalirudia na kupata A, kwenye fomu ya pamoja ya maombi huhesabiwa mara zote mbili. Yaliyopita si ndwele, isipokuwa kemia.

Vyuo vya udaktari vyenyewe huapa kwamba havitazami namba tu; vinamtazama mtu mzima: moyo wake, safari yake, huruma yake. Sawa. Ila mtu mzima huyo mara nyingi hupitishwa kwanza kwenye chekeche la namba. Akikwama, huruma yake inamwagwa pamoja na chuya.

Sisi wagonjwa tupo kwenye benchi, tunasubiri kuitwa. Hatujawahi kumuuliza daktari alipata ngapi. Tunalouliza ni moja: "Daktari, mbona unaongea na mimi huku unaangalia kompyuta?"

Nadhani swali hilo halimo katika yale 230.