Barua kwa Mabwana wa Santuri Kuhusu Vigae Vyangu

Kwa jenabu watukufu, Mabwana Wakurugenzi wa Kampuni Kubwa za Santuri, popote walipo baina ya London, New York na Los Angeles.

Baada ya salamu na taadhima ziwastahilizo watu wa daraja yenu, nawaarifu kuwa taarifa yenu ya hesabu ya nusu mwaka imenifikia katika bahasha nzuri yenye kidirisha, na kwamba kwa mujibu wa taarifa hiyo nyimbo zangu zimeuzwa, zimesikizwa na zimependwa, ila mimi niliyeziimba ningali mdeni wenu. Sikuandika kulalamika. Mtu aliyekwisha kuonyeshwa ukarimu wa kadiri hii, akakodiwa studio kwa fedha zake mwenyewe na akalishwa kwa fedha zake mwenyewe, hana ulimi wa kulalamikia; muradi wangu ni kutoa shukrani, na baada ya shukrani kuleta ombi moja, pamoja na vijiombi viwili vitatu visivyo na uzito.

Shukrani zianze na studio. Watu wa nje, waonao picha ya mwimbaji aliyefumba macho mbele ya maikrofoni, hudhani kwamba taa nyekundu ikiwaka kinachoanza ni wimbo. Sisi tuliowahi kusimama nyuma ya kile kioo twajua kwamba iliyoanza ni saa ya ijara. Studio hukodiwa kwa siku kamili, usiku wake na mchana wake, pamoja na zile saa ambazo sote tumo vitandani; fundi mitambo ana ujira wake, na msaidizi wake ana wake, hata ikiwa kazi yake siku nzima ni kukunja nyaya na kuleta kahawa; mtayarishaji ana arbuni yake ya kutangulia, na baadaye ana fungu lake ndani ya mrabaha wangu; wapiga ala wa kukodiwa huja kwa vipindi vya saa tatu tatu, wakapiga kwa ustadi, wakaitazama saa ya ukutani, wakaondoka, na wao, Mungu awazidishie, hulipwa. Baina yao hupita mikate, matunda, magari ya kukodi, na bwana mmoja kutoka ofisini kwenu ambaye nimeambiwa analipwa kwa ajili ya masikio yake. Bwana huyo alijilaza juu ya kochi la ngozi nyuma ya mitambo tangu ubeti wa kwanza, akalala usingizi usio na hila, akaamka, akabonyeza kile kidude cha kusemea, akaniambia kiitikio kije mapema kidogo, kisha akaenda kula. Chakula chake kimo katika hesabu yangu. Alichokula sikijui, lakini bei yake yathibitisha kuwa kulala kunachosha.

Yote hayo huandikwa gharama za kurekodi, na gharama hizo hazirejeshwi kutoka katika jumla ya mapato, maana hapo tungezichangia. Hurejeshwa kutoka katika fungu langu peke yake, ambalo aghalabu halifiki 20 katika kila 100, na katika hiyo 20 kasoro ndimo nilipiamo studio, kahawa, kochi na aliyelilalia, ilhali fungu lenu laanza kuingia tangu sahani ya kwanza kutoka dukani. Na siku deni litakapokwisha, kama litakwisha, ile kanda ya asili, iliyobeba sauti iliyotoka kifuani mwangu, itabaki kuwa mali yenu. Mimi ni kama nahodha aliyenunua mbao, akalipa mafundi, misumari na tanga, na siku ya kushua chombo akaambiwa jahazi ni la aliyemkopesha, ila yeye ana ruhusa ya kuendelea kupiga makasia. Wala si mimi peke yangu: wale waimbaji mabinti wa Atlanta, TLC, waliouza mamilioni ya nakala za albamu yao ya CrazySexyCool, waliomba himaya ya mufilisi mwaka 1995, na mwaka uliofuata, wakiwa na tuzo za Grammy mikononi, wakawaambia waandishi wa habari kuwa hawana kitu. Watu wakawacheka, wakasema wamezichezea fedha. Na marehemu Steve Albini, aliyeirekodi bendi ya Nirvana huko Minnesota mwaka 1993, alipokataa mrabaha akataka alipwe ujira mmoja kama fundi bomba, kwa kuwa hakuona haki fundi kula jasho la wenye nyimbo, watu walimwona mtu wa ajabu. Na mimi nakiri kuwa katika biashara yenu insafu ni ajabu.

Sasa nije kwenye ombi.

Katika mkataba wangu mna kifungu, na katika taarifa yenu mna mstari, wa makato ya sahani zilizovunjika: zikiuzwa 100 nalipwa mrabaha wa 90, kwa kuwa 10 huhesabiwa kuwa zimevunjika njiani. Asili ya kifungu hiki naijua na naiheshimu. Mwimbaji wa Unguja Siti binti Saad na wenziwe walipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice, sahani zilizorudi Unguja zilikuwa za shelaki, utomvu wa wadudu wa Bara Hindi uliochanganywa na unga wa mawe, na sahani ya namna hiyo ikiangukia sakafu ya chokaa haina la kujitetea. Zilitiwa masandukuni, zikayumbishwa na mawimbi, zikapokewa na mahamali wenye haraka. Ikiwa kumi zilivunjika, hapana mwenye akili timamu atakayebisha. Lakini mwaka 1948 ikaja sahani ya plastiki ipigayo muda mrefu, iliyosifiwa na wenyewe walioitengeneza kuwa haivunjiki, na kumi zikaendelea kuvunjika. Mwaka 1982 ikaja CD ndani ya kijaluba chake, nanyi mkakata robo ya bei kwa ajili ya kijaluba, na kumi zikavunjika humo humo kijalubani. Kwa hesabu hiyo zikiuzwa 100 nalipwa sawa na sahani 67 na nusu. Na hiyo nusu, mabwana, nimeitafuta sana. Kisha nyimbo zikaanza kuuzwa kwa intaneti, bila ya sahani, bila ya sanduku wala hamali, na wapo kati yetu waliokatwa vile vile. Bendi za Allman Brothers na Cheap Trick ziliishtaki kampuni ya Sony huko New York mwaka 2006, zikilalamikia, pamoja na mengine, makato ya vifungashio na ya kuvunjika katika nyimbo za kupakuliwa. Shauri likaishia kwa suluhu, tukakosa bahati ya kumsikia hakimu akieleza jinsi wimbo unavyovunjika ndani ya waya.

Ombi langu ni hili: naomba vigae vyangu.

Maadam kumi katika kila mia ya nyimbo zangu zimevunjika angani, na maadam nimekwisha kuzilipia, vipande vyake ni halali yangu, nami niko tayari kuvipokea. Nimekwisha kufagia ukumbi na kutandika jamvi jipya. Vikiwa vikali, nijulisheni mapema nipate kuwazuia watoto wasipite miguu mitupu. Naomba vipangwe kwa aina, vya mianzo mbali, vya viitikio mbali, na zile silabi ndogo ndogo zilizopukutika pembeni zifungwe katika bahasha ya peke yake, kwa kuwa katika wimbo mmoja nilivuta pumzi ndefu kabla ya neno la mwisho, na pumzi ile naipenda kuliko wimbo wenyewe. Ikiwa imenusurika, itiwe pamba. Kila kigae kifungwe kikaratasi kinachoeleza kilipoanguka, kama ni chini ya bahari katika zile nyaya kuu, kama ni karibu na Mombasa ambako zatokea nchi kavu, au kama ni ndani ya simu ya mtu aliyekaa kitako bila ya kumgusa yeyote. Kadhalika nataka jina la hamali aliyeziangusha, si kwa kumdai, Mungu apishe mbali, ila nimpe pole, maana mtu aangushaye nyimbo kumi katika kila mia, kila mwaka, bila ya kufukuzwa kazi, lazima awe mzee sana au awe shemeji wa mmoja wenu. Yuko fundi jirani yangu aungaye sahani za kauri kwa vibanio vya shaba, naye ameahidi kuzijaribu nyimbo zangu. Zitakazokataa kuungika nitazivika sanda, nitaziwekea matanga, nanyi mmekaribishwa. Gharama za kufungasha na nauli ziandikeni kwangu, kama desturi.

Nawaomba hivi kwa sababu nataka kuona kitu. Miaka yote nimeonyeshwa tarakimu. Mama yangu aliisikia sauti yangu redioni mpaka ugonjwa wake wa mwisho, akafa akiamini kuwa nimetajirika nikamnyima. Nilimletea zile taarifa zenu, akaniambia karatasi kila mtu aweza kuiandika. Hilo halimo katika mistari yenu, wala sijui mngelitia safu gani. Mmekula, mabwana. Mmekula kwa miwani na kwa kalamu, mkamfanya kila mwimbaji aonekane nyumbani kwao ni mwongo au mbadhirifu.

Niwieni radhi. Nilikuwa katika habari ya vigae.

Vijiombi vilivyobaki havitawachukua dakika. Naomba lile kochi, kwa kuwa nadhani sasa nimelimaliza kulilipia. Naomba bwana wa masikio aniambie kama kiitikio kimekuja mapema ya kutosha. Naomba mnijulishe deni la albamu ya kwanza, lililohamishiwa katika albamu ya pili, litahamia wapi nikifa, ili niwausie wanangu wasijifunze kuimba. Na ile kanda ya asili siiombi, kwa kuwa najua adabu, ila naomba niruhusiwe kuja kuizuru siku za sikukuu.

Jibu lenu nitalingojea pamoja na taarifa ya Desemba, ambayo sina wasiwasi nayo hata kidogo, kwa sababu tangu tujuane taarifa zenu zimekuja zote, na haijapata kuvunjika hata moja njiani.

Wasalaam. Ni mimi, mdeni wenu.