Sifa za Bibi Calamitas

Washairi wamewasifu wafalme, majahazi na farasi hata wino ukawakauka. Nami niliyekaa miaka mingi Kamina, mahali ambapo reli itokayo Lubumbashi hugawanyika, moja ikielekea Ilebo na nyingine, tangu mwaka 1956, ikiungana na ile ya Kalemie, na ambapo kwa hiyo msafiri hupata wasaa mwingi wa kutafakari juu ya mizigo yake, nimeazimu kulisifu jina la Kilatini calamitas, yaani balaa, kwa kuwa halijapata msifu.

Nasaba yake ni njema. Ni jina la kike, ndugu wa veritas, ukweli, na caritas, upendo, wala dada hao hawamwonei haya. Donatus, mwanasarufi wa karne ya 4 aliyemfundisha Mtakatifu Yeronimo, alieleza kwamba wakulima waliiita hivyo mvua ya mawe kwa sababu huvunja calamus, yaani bua. Na calamus ni neno la Wayunani, lile lile walilolitwaa Waarabu wakasema qalam, nasi tukasema kalamu. Wataalamu wa leo wanamkanusha Donatus. Mimi simwachi, kwani nimeliona shamba la mahindi nje ya mji baada ya mvua ya mawe, mabua yote yamelala upande mmoja mfano wa hati ya mtoto anayejifunza kuandika.

Tena ana adabu. Maafa yetu huja kwa wingi, umoja wake ni nadra kusikika. Yeye hufuata kanuni pasipo ukaidi: calamitatis, calamitati, calamitatem, calamitate. Katika shule ya mapadri tuliyosoma tulizihesabu hali hizo kwa vidole, na aliyekosea ule wingi, calamitatum, ambao Pierre Abélard wa Ufaransa aliuweka katika anwani ya habari za maisha yake, alipewa mfano wake viganjani papo hapo.

Wala hana kiburi. Zamani za Misa ya Kilatini, katika sala ya Libera me iliyoimbwa penye jeneza, mama asiyejua Kilatini ila kuitikia amina alilisikia neno calamitatis, akalia kwa Kiluba chake, na hakuna aliyemsahihisha.

Basi nawasihi walimu wa Kamina wawafundishe watoto jina hili, walau umoja wake. Wingi wataupata wenyewe.