Sifa za Msajili wa Kijiweni

Tangu zamani kalamu za waandishi zimewasifu wafalme kwa enzi yao, mashujaa kwa ushupavu wao, na matajiri kwa ukarimu ambao aghalabu huanza baada ya matajiri hao kwisha kushiba. Lakini yuko mja mmoja ambaye fadhila zake si chache kuliko za hao, naye hajapata kuandikiwa hata mstari mmoja wa shukrani, bali hutajwa kwa dhihaka, huitwa mpayukaji, na huulizwa na mkewe palizi ya mahindi itakwisha lini. Huyo ni msajili wa kijiweni, yaani shabiki wa timu iliyodhoofika ambaye, pale Mbalibali katika Wilaya ya Serengeti, huketi juu ya pikipiki iliyozimwa, au juu ya benchi la kibanda umiza, akauza wachezaji watano, akanunua saba, akamwachisha kocha kazi na kumwajiri mwingine, yote hayo kabla ya adhuhuri, na mfukoni mwake hamna hata nauli ya kumfikisha Mugumu. Nimeazimu leo kumpa haki yake, na kama sifa zitazidi kipimo msomaji anisamehe, kwa maana deni lenyewe ni la siku nyingi.

Fadhila yake ya kwanza ni ukarimu. Tajiri hutoa alicho nacho, na katika kutoa ulicho nacho hakuna muujiza. Msajili wa kijiweni hutoa asicho nacho, tena hutoa kwa dola. Simba ilipofungwa na Yanga mabao 5 kwa 1 tarehe 5 Novemba 2023, kisha ikamaliza msimu katika nafasi ya tatu, ikilingana na Azam kwa pointi na kuzidiwa kwa mabao tu, hazina ya kwanza kufunguliwa ili kuiokoa haikuwa ya mwekezaji wala ya benki, bali ilikuwa hazina ya vijiwe, na kijiwe cha Mbalibali hakikuwa cha mwisho. Hapo ndipo lilipokatwa shauri la nani abaki na nani apewe mkono wa kwaheri. Na kama makao makuu ya Msimbazi, yaliyo mbali kwa zaidi ya kilomita 1,000, hayakumpeleka mjumbe kuja kuichukua orodha, lawama haiwaangukii walioitunga.

Wala mtu asidhani kwamba kazi hii haina elimu ndani yake. John Bocco alipokwisha kuagwa, na Clatous Chama alipohamia Jangwani kwa Yanga mwezi Julai 2024 (msiba ambao wapo waliouomboleza kwa siku nyingi kuliko misiba ya shangazi zao), Simba ilileta wageni kwa mkupuo: Jean Charles Ahoua kutoka Stella Adjamé ya Côte d'Ivoire, Steven Mukwala, Mganda aliyekuwa Asante Kotoko ya Ghana, Joshua Mutale wa Zambia, Augustine Okejepha wa Nigeria, Moussa Camara wa Guinea. Kijana ambaye darasani hakuweza kuionyesha Ghana katika ramani, hata fimbo ya mwalimu ikiwa imeinuliwa juu ya kichwa chake, leo hueleza bila ya kusita ligi ipi ya Afrika Magharibi hutoa viungo na ipi hutoa walinzi, na nchi ipi wachezaji wake hushikwa na baridi wakifika Mbeya. Ama sheria, ameisoma kwa Feisal Salum, ambaye mwezi Desemba 2022 aliirudishia Yanga shilingi milioni 112 akiamini kwamba kwa hizo amejikomboa, akaambiwa na shirikisho kuwa yeye bado ni mchezaji wa Yanga, na jambo likavutwa huku na huku hata mwaka 2023 akahamia Azam. Kwa miezi hiyo yote vijiweni palizungumzwa habari za vifungu, notisi na fidia kwa ufasaha ambao mawakili wenyewe hulipisha watu ili wausikie. Mwaka 2024 likafuata somo la marudio: Simba ikamtangaza Lameck Lawi, nao Coastal Union wakasema fedha zimechelewa na biashara imevunjika, na wazee wakapata nafasi ya kukumbusha habari ya Emmanuel Okwi, aliyeuzwa kwa Étoile du Sahel ya Tunisia mwaka 2013 kwa dola 300,000 zilizokawia hata zikawa hadithi.

Lakini elimu na ukarimu wako watu wengine walio navyo. Sifa isiyo na mfano ya msajili wetu ni kwamba hakosei. Wanazuoni hukosea, manabii wa hali ya hewa hukosea, na makocha hukosea mpaka wakafukuzwa. Yeye, maadamu shauri lake halijapata kutekelezwa na mtu yeyote, shauri hilo limebaki safi kama lilivyotoka kinywani. Mchezaji aliyemtaka asiposajiliwa na timu ikafungwa, burhani imepatikana. Akisajiliwa na akacheza vibaya, basi kocha amempanga asipostahili. Huyo Ahoua aliitwa garasa na watu ambao hawakuwa wamemwona akigusa mpira mara ishirini. Msimu wa 2024/25 ulipokwisha akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, watu wale wale walithibitisha, kila mmoja kwa shahidi wake, kuwa ndio waliomgundua. Sioni unafiki hapa. Naona uwezo wa akili wa kusamehe makosa yake yenyewe, na uwezo huo ni adimu.

Tena tazama jinsi anavyopima. Mzee wa Kikurya aendaye mnadani kununua fahali hachukuliwi na pembe: humzunguka, humtazama meno, humwamuru kijana amtembeze, huuliza ametoka zizi la nani na kwa nini anauzwa, kisha hurudi nyumbani bila ya fahali na kwenda tena mnada ujao. Huo ni ukawiaji wa watu wa kale. Msajili wa kijiweni, ambaye huenda ni mtoto wa mzee huyo huyo na kesho atamsindikiza mnadani, hununua mshambuliaji wa nchi ya mbali kwa kutazama picha za simu za dakika mbili, ambamo mchezaji huyo hapotezi mpira hata mara moja, hateguki, hagombani na mwamuzi, na kila shuti lake ni bao. Baba hutumia juma zima juu ya ng'ombe mmoja. Mwana humaliza safu nzima ya ushambuliaji wakati pikipiki inajazwa upepo.

Na ni baraza gani jingine katika nchi yetu ambalo watu husikilizana kwa usawa namna hii? Penye harusi wanasema wazee, penye mkutano anasema mwenyekiti, penye mazishi anasema aliyetoa ng'ombe. Lakini penye usajili, mchungaji wa mbuzi wa miaka kumi na sita humkatiza mzee aliyeipenda klabu tangu ingali ikiitwa Sunderland, kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971, na mzee hamwiti mtovu wa adabu.

"Mura," husema mzee, "unamwacha huyu beki, je, nani atazuia kona?"

"Mzee wangu, huyu amechoka. Anageuka kama lori la pamba."

"Mimi nimechoka pia, na hapa nipo."

"Shikamoo, mzee. Lakini wewe hatukupangi Jumamosi."

Na mzee hucheka, kisha hurudi kwenye kona, kwa sababu kuhusu kona hajajibiwa. Mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa bodaboda, mfanyabiashara wa ulezi na kijana aliyerudi likizo kutoka chuo, wote huingia katika mjadala bila ya kuulizwa shahada zao, na ukali wa sauti ndio cheo chao. Wageni kutoka pwani husema kwamba watu wa Mara wakizungumza hudhaniwa wanapigana. Hao hawajasikia mazungumzo ya namba sita, ambayo hata watu wa Mara wenyewe huyadhania hivyo.

Hapana budi nitaje pia kwamba neema hii haipatikani ila katika kushindwa. Mashabiki wa Yanga, ambao timu yao ilitwaa ubingwa misimu minne mfululizo kuanzia 2021/22, ni watu wa kuhurumiwa: hufika kijiweni, huhesabu vikombe, huitaja ile tano kwa moja, na baada ya hapo ulimi hauna kazi. Furaha haina hoja ndefu. Aliyefungwa ndiye mwenye mambo ya kueleza, naye huyaeleza tangu mapema asubuhi, akianza na kipa.

Iko hasara moja iliyo mbaya kuliko kufungwa, nayo ni kufungwa na asipatikane mtu wa kubishana. Mwaka 1980 Tanzania ilipeleka timu ya mpira wa magongo katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, wakati ambapo mataifa mengi yalisusia kwa ajili ya vita vya Afghanistan, na India ikatufunga mabao 18 kwa 0, tukawa wa sita kati ya timu sita. Je, nani alilaumiwa? Kiungo gani alistahili kuachwa nyumbani? Beki gani alichezeshwa kwa kujuana? Sijapata kusikia kijiwe hata kimoja, si cha Mbalibali wala cha Dar es Salaam, kikishughulika na maswali hayo. Mabao kumi na nane yalipita kama mvua juu ya ziwa, na wachezaji wale walinyimwa heshima ambayo hata garasa la daraja la kwanza hupewa, yaani heshima ya kutukanwa kwa jina.

Nakuja sasa kwenye fadhila kubwa kuliko zote, ambayo msajili wetu mwenyewe haijui, na wanaofaidika nayo hawapendi itajwe. Mkoa wa Mara ulikuwa na timu yake. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2018/19, ikawa inawakaribisha wakubwa katika Uwanja wa Karume, na mwaka 2021 ikamaliza ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaiondoa Dikhil ya Djibouti. Mwezi Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2 kwa 0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, na mtu wa Mara aliyekuwa na redio siku ile hakuhitaji chakula cha jioni. Ilibaki mechi ya marudiano. Timu haikufika Libya. Safari ilikwama, siku ya mchezo ikapita, na kikosi kilichokuwa kinaongoza kwa mabao mawili kikatolewa mashindanoni bila ya kufungwa. Msimu ule ule, ulipofika mwisho mwaka 2022, kikashuka daraja.

Angalia basi namna vijiwe vilivyolipokea jambo hili. Mwanafalsafa baridi angeuliza: ndege ilikuwa ya nani, vibali viliombwa lini, fedha za safari zilitoka wapi, mishahara ilikuwa imelipwa mpaka mwezi gani, na mapato ya mlangoni hutosha siku ngapi za kambi. Haya ni maswali mazito, yanaumiza kichwa, na mabaya zaidi ni kwamba yana majibu, na majibu yana wenyewe. Msajili wa kijiweni, kwa huruma aliyozaliwa nayo, hakumtesa mtu kwa maswali hayo. Yeye alisema palikosekana mshambuliaji wa kati. Mwenziwe akasema la, palikosekana kiungo mkabaji. Wa tatu akaapa kwamba angalisajiliwa kipa mrefu dirisha dogo timu isingalishuka. Walisajiliwa katika mazungumzo yale wachezaji wa kutosha timu tatu, kutoka Kenya, Burundi na Kongo, na katika wote hao hakuna aliyependekeza isajiliwe ndege.

Ndiyo maana nasema kuwa viongozi wa vilabu, popote walipo, wana deni kwake ambalo hawawezi kulilipa. Wao hulinda ofisi kwa kufuli. Yeye huilinda kwa mjadala, na mjadala hauvunjwi na mwizi. Kila timu inapoyumba, hutupwa uwanjani majina mawili matatu ya wachezaji wapya, pamoja na picha ya mmoja wao akishuka uwanja wa ndege na skafu shingoni, na mara hiyo hiyo daftari la hesabu hupata usingizi. Hakuna mkaguzi aliyepewa hongo ambaye angefanya kazi hiyo kwa uaminifu kama anavyoifanya mtu huyu asiyelipwa kitu, anayesutwa na mkewe, na ambaye mahindi yake yamezongwa na magugu.

Siku moja mama mwenye kibanda, ambaye huwakopesha vitumbua na hivyo ana haki ya kusema, aliinua kichwa kutoka kwenye kikaango na kuuliza iwapo, timu ya mkoa itakapopanda tena, nauli ya kuipeleka mechi za ugenini itakuwa imekwisha kupatikana. Mwalimu alitazama saa. Mzee wa Sunderland ndiye aliyemjibu, kwa upole na kwa heshima zote.

"Hayo, mama, ni mambo ya ofisi," alisema, "sisi hapa tunajenga timu." Kisha akamgeukia yule kijana wa mbuzi na kumtaka amweleze, mara hii kwa utaratibu, nani atazuia kona.