Kikao cha Kiyoyozi

Kiyoyozi cha chumbani kwetu Kunduchi hakikufa siku moja, kilistaafu kwa awamu. Kwanza kiliacha kupoza, kisha kikaanza kukoroma, mwishowe kikawa kinatupulizia vuguvugu. Kwa magonjwa yote hayo fundi wetu alikuwa na jibu moja: "Gesi imeisha, bosi." Akajaza. Joto la mwaka uliofuata, gesi imeisha tena. Nikamwuliza inakwenda wapi, maana mabomba yamefungwa na gesi inazunguka humo humo. Ikipungua, basi kuna mahali panavuja. Akanitazama kwa huruma. "Bosi, kwani gari lako halimalizi mafuta?"

Tulipoikagua mashine ya nje, chumvi ya bahari ilikuwa imeshakula mapezi yake ya alumini, ukigusa yanapukutika. Ikabidi kununua kipya. Habari zikavuja kuliko gesi, na nyumba ikajaa wajumbe.

Jirani, ambaye baraza lake linatazamana na dirisha letu, aliwahi kuliko wote. "Mzee, chukua ya BTU 24,000. Jua la mwaka huu halina adabu." Chumba chenyewe ni mita nne kwa tatu na nusu. Nikamweleza kwamba kiyoyozi kikizidi chumba hupoza upesi kikapumzika kabla hakijakausha hewa, na adha ya Februari hapa pwani ni unyevu kama ilivyo joto. Tungelala kwenye baridi ya majimaji. Akasema hayo ni ya vitabuni, BTU hazijawahi kumdhuru mtu.

Shemeji akaja na lake: lazima iwe invata, ili umeme ukikatika iendelee. Nikamwambia hii invata haina betri. Kazi yake ni kuipunguza mwendo kompresa chumba kikishapoa, badala ya kuizima na kuiwasha kila mara, na hapo ndipo yuniti za LUKU zinapookolewa. Umeme ukikatika, nayo inalala. Akafikiri kidogo. "Sasa hizo pesa za ziada mnalipia nini?"

Mama mkwe alipinga mradi wote. Kiyoyozi huleta mafua, yeye amelea watoto saba kwa dirisha. Kisha, watu walipotawanyika, akaniita pembeni kuuliza kama na sebuleni kitawekwa.

Kwa hesabu zangu 12,000 zilitosha, hata kwa ukuta wetu unaopigwa na jua la jioni. Nikamsomesha mama watoto: BTU 12,000 kwa saa huitwa tani moja, kwa kuwa ni sawa na ubaridi wa kuyeyuka kwa tani ya barafu, ile ya Kimarekani yenye kilo kama 907, kwa saa 24. Akatazama chumbani: kitanda, kabati, feni. "Kilo mia tisa za barafu? Na samaki wanaletwa lini?"

Kariakoo hakuna aliyetaka kusikia BTU. Muuzaji alipima kwa farasi. "Hosi pawa moja na nusu, bosi wangu, ndiyo hiyo hiyo yako." Na kweli ilikuwa hiyo hiyo, ila bei ilibadilika kila nilipopiga hatua kuelekea mlangoni, kwa hiyo nilitembea sana.

Siku ya kufunga, fundi alikuja na mtungi uliobaki kwa mteja mwingine. Kiyoyozi kipya kinatumia R32, mtungi ulikuwa wa R22, gesi ya zamani inayoondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Hata presha za gesi hizo mbili haziko karibu. "Gesi ni gesi, bosi," akasema, akishika mpira wa kujazia. Nilisimama kati yake na mashine mpaka akaurudisha mtungi kwenye bodaboda.

Sasa chumba kinapoa vizuri, na kikavu. Ila kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinatoa joto ndani na kulimwaga nje, na ukuta pekee uliofaa kubeba mashine ya nje ni ule unaotazama barazani kwa jirani. Jioni ya pili alibisha hodi, kanzu imemgandia mgongoni, akauliza kwa upole kama dukani hawana ya 5,000.