Ajenda Namba Saba: Mengineyo

Katibu wa chama chetu cha akiba na mikopo ni mtu mwema. Anasali, anasomesha watoto wa ndugu zake, hana deni la mtu. Lakini karatasi yake ya ajenda ingefaa ipelekwe mahakamani. Kamati yetu, huku magharibi mwa Uganda, ina wajumbe wa Kasese mjini na wa Bwera, na tangu niingie humo karatasi ni ile ile. Inayobadilika ni tarehe, na hiyo nayo siku nyingine husahaulika. Sala. Hotuba ya mwenyekiti. Muhtasari wa kikao kilichopita. Yatokanayo. Mikopo. Jengo. Mengineyo.

Hebu itazame hiyo "Mikopo". Imefanya nini? Imelipwa, imekufa, au imevuka mpaka pale Mpondwe ikaingia Kasindi, Kongo, bila kuaga? Mjumbe hajui kama ameitwa kuamua, kusikiliza au kuomboleza. Ingeandikwa, "Tusimamishe mikopo mipya ya kahawa hadi ya msimu uliopita ilipwe? Mweka hazina aeleze, dakika 20, kisha tupige kura," mtu angekuja na hoja yake mfukoni. Na angekuja nayo kama karatasi ingemfikia mapema. Sisi tunaikuta mezani, bado ina joto la fotokopi, kana kwamba joto la Kasese halitutoshi.

Siku ya kikao? Ijumaa. Mtoto yeyote wa Bwera atakwambia soko la Mpondwe ni Jumanne na Ijumaa, siku ambazo wanunuzi wanavuka mto Lhubiriha kutoka Kongo na pesa zao. Aliyepanga anaishi mjini, hana fungu la nyanya la kulinda. Kwa hiyo wajumbe wa Bwera hufika wamechelewa, mwili ukumbini, roho sokoni, simu sikioni: "Usimwachie kwa bei hiyo!" Nikapendekeza tuhamie Jumatano. Pendekezo langu likawekwa kwenye Mengineyo.

Mwaka 1957 Mwingereza mmoja, C. Northcote Parkinson, aliandika kitabu kinachoitwa Parkinson's Law, na humo akabuni kamati inayopitisha kinu cha nyuklia cha pauni milioni 10 kwa dakika mbili na nusu, maana hakuna anayeelewa nyuklia, kisha inabishana dakika 45 juu ya banda la baiskeli. Nashuku aliwahi kupita Kasese. Chini ya "Mikopo", mahesabu yetu ya mwaka mzima yalipita kabla soda hazijafunguliwa. Tukafika kwenye "Jengo", yaani kibanda cha bodaboda za wateja: tuezeke kwa mabati au tufunge turubai? Ghafla kila mtu ni mhandisi. Mzee mmoja akatukumbusha Mei 2013, mto Nyamwamba ulipofurika ukashuka kutoka milimani: yeye kwa macho yake aliona mabati yakienda na maji, turubai likabaki. Mwenzake akaapa kwamba lililokwenda ni turubai. Mahesabu, ambayo ndiyo yenye pesa zetu, hakuna aliyeyaapia.

Halafu nani afuatilie? Muhtasari hujibu: "Baluku afuatilie." Kwa asiyetujua, sisi Wakonzo tunapewa majina kwa mfuatano wa kuzaliwa: Baluku ni mtoto wa kiume wa kwanza, Bwambale wa pili, Masereka wa tatu. Akina Baluku wa kamati yetu wanatosha kuunda kamati yao wenyewe. Kila Baluku hurudi nyumbani akiwa na amani, akijua kazi ile ni ya Baluku mwingine, na ikifika Yatokanayo wote wanatikisa kichwa kwa masikitiko: huyu Baluku, jamani!

Mengineyo yenyewe huanza jua linapozama, wakati harufu ya obundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki imeshamaliza akili zilizobaki. Wa Bwera wanaomba ruhusa waondoke, kwa sababu barabara yao inapitia Kikorongo, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, na tembo haangalii kama wewe ni mjumbe. Wanaobaki ndio wanaoamua mambo mazito yaliyosukumwa huko chini tangu asubuhi, wakiwa wamesimama, funguo mkononi.

Kuna jambo moja tu ambalo halijawahi kuandikwa kwenye ajenda na halijawahi kuharibika: nauli ya wajumbe. Lina karatasi yake yenye mistari iliyonyooka. Jina kamili na la ukoo, kwa hiyo Baluku na Baluku hawachanganywi hata siku moja. Unakotoka. Kiasi. Saini. Linaisha kwa dakika chache, hakuna anayeuliza maana yake, hakuna anayependekeza liahirishwe, na hata waliosinzia tangu Sala wanajua foleni inaanzia wapi.

Nikamfuata katibu nje. Nikamwambia, "Mzee, karatasi ya nauli umeiandika wewe mwenyewe, na ni nzuri kuliko zote. Basi Mikopo nayo iandike vivyo hivyo: nani, kiasi gani, lini, saini hapa."

Akafurahi sana. Akasema ni wazo la maana, na atamwambia Baluku alifuatilie.