Namna ya Kuikomboa Kilombero kwa Bando la Wiki

Hongera kwa simu mpya. Umerudi Ifakara ukiamini kwamba mtandao ni sauti ya mnyonge, na ukilitazama kalavati lililozolewa na maji ya mto Lumemo unaona hoja ya kitaifa. Imani njema. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, ingawa mpangilio hautakusaidia.

Anza na laini. Usihangaike kutafuta jina la kujifichia. Jiite Mamba wa Kilombero ukipenda, mtaa mzima utakuita hivyo kwa furaha. Laini yenyewe ilisajiliwa kwa alama za vidole. Mwisho wa kusajili ulikuwa tarehe 20 Januari 2020, na wewe ulipanga foleni na namba yako ya NIDA kama wenzako. Kidole ulichokiweka siku ile ndicho utakachobonyezea kutuma ukombozi. Kukinawa hakusaidii.

Sasa ingia kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Salimia: "Shikamooni wakubwa." Halafu nyamaza, uone nani yumo. Utamkuta mwenyekiti, mtendaji, shemeji yake mtendaji, mwalimu mkuu, katekista, dada wa mgahawa wa pale stendi, na mmoja asiye na picha. Huyo hajawahi kuandika hata "amina", lakini kila ujumbe anausoma wa kwanza. Mheshimu sana. Ndiye msomaji makini pekee utakayempata.

Ukishatuma maua na "asubuhi njema" za kutosha, weka picha ya kalavati. Usiandike "nauliza". Andika "naomba kuuliza, wakubwa zangu, kama sitakosea." Kitafuata kimya. Kisha mtu atatuma maua. Kisha admini atakumbusha kwamba hili ni grupu la maendeleo, tusilete siasa, kana kwamba kalavati ni chama. Chawa hawatachelewa: watasema viongozi wetu wanaupiga mwingi, na picha yako imepigwa kwa nia mbaya, kwa pembe ya chini. Mwishowe mtendaji ataandika maneno matatu: "Suala linafanyiwa kazi." Yeye atapata madole gumba arobaini. Wewe watakufuata chemba watano, mmoja mmoja, wakuambie umesema kweli tupu, ila wao wana watoto. Bunge la mtaa wenu linakaa huko chemba. Ujue tu kwamba kati ya hao watano, mmoja ameshapiga picha ya skrini.

Hapo hakuna polisi aliyehusika, zingatia. Mtandao wetu unalindwa kwanza na majirani, bure, bila posho.

Ukiona mtaa ni mdogo kwako, soma sheria kidogo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Mwaka 2016 mtu mmoja Arusha alihukumiwa kwa kumtukana Rais kwenye Facebook. Alipewa kuchagua milioni saba au miaka mitatu. Kwa hiyo kabla ya kutuma, pitia maandishi yako na ufute sifa zote za viongozi, nzuri kwa mbaya. Ukimaliza utabaki na salamu.

Unataka kufungua blogu yako mwenyewe? Vizuri. Kanuni za 2018 zilitaka laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine ya mwaka. Badilisha pesa hizo ziwe magunia ya mpunga, halafu mwambie mama yako unakopeleka mavuno. Au tazama wakubwa wa kazi hiyo. JamiiForums ilianza 2006, na nitakiri bila kejeli kwamba ilifukua mengi ambayo magazeti yalikuwa yakiyazunguka. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wake, alikamatwa Desemba 2016 kwa jambo lililohusu kutotoa siri za watumiaji. Juni 2018 mtandao huo ulijifunga kwa muda kwa sababu ya kanuni zilezile. Septemba 2025 ukasimamishwa siku 90. Hayo ndiyo malipo ya waliofaulu.

X je? Ilifungiwa Mei 2025, na serikali ikataja picha za ngono. Hivyo jirani akikuona unaifungua kwa VPN, usijitetee kwamba unasoma habari za uchaguzi, hakuna atakayekuamini. VPN nayo, tangu Oktoba 2023, ulitakiwa kuitolea taarifa. Yaani unajificha baada ya kuaga.

Ukifika kwenye hoja kwamba mtandao huleta maandamano, utataja Misri ya 2011, kila mtu huitaja. Ruka pale Mubarak alipoukata mtandao na watu wakazidi kujaa uwanjani, panaharibu hoja. Ruka pia tarehe 26 Aprili 2018 ya kwetu, Mange Kimambi alipoitisha maandamano kwa Instagram akiwa Marekani: mtandaoni palijaa, barabarani wakajaa askari. Na usikumbushe kwamba Kilombero ilimchagua mbunge wa upinzani 2015 kwa mikutano ya hadhara, spika juu ya gari na watu wamesimama juani. Mwaka uliofuata mikutano hiyo ikazuiwa, hadi Januari 2023. Walituachia simu. Jiulize kwa nini, lakini usijiulize grupuni.

Wiki ya uchaguzi usinunue bando. Mwaka 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa mkesha wa kura. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima, watu wakiuawa huko mijini, ikarudi siku chache baadaye pamoja na ujumbe wa kuonya tusisambaze picha za kutia hofu. Bando la wiki huisha kwa wiki, liwe limetumika au halijatumika.

Ukiwa bado unataka kusema, nenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kelele ni nyingi mno, hakuna simu inayoweza kurekodi, na kila unayetaka akusikie lazima umsogelee umtazame usoni. Pumba zitakuwasha.

Kuhusu grupu, utaondolewa tu. Usilie. Utarudishwa siku ya msiba wa kwanza, bila maelezo, na ujumbe utakaokupokea utakuwa na namba ya mweka hazina na kiasi chako: elfu tano. Tuma na ya kutolea.