Mbadala Asifiwe

Watu husifu mvua, mama, na straika aliyefunga dakika za majeruhi. Leo naomba nimsifu mbadala, ile programu unayoitafuta usiku wa manane baada ya kuhama Windows na kuingia Linux, ukakuta kila kazi yako ilikuwa na mwenyewe.

Mimi sikuhama kwa ujanja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa, kompyuta yangu ikakataliwa na masharti ya Windows 11, na mfuko ukakataa kompyuta nyingine. Nikaweka Ubuntu, nikijipa moyo kwamba jina hilo na utu ni ndugu. Sikujua kwamba utu wenyewe ungepimwa kwanza.

Mbadala hukutoa ushamba. Tangu nianze kazi nimeandika kwa Calibri bila kujua kwamba herufi nazo zina hatimiliki. Siku nilipofungua muhtasari wa kamati ya harusi kwa LibreOffice, Calibri haikuwepo. Herufi nyingine ikajikalia mahali pake, mistari ikatanuka, na jina la mwenyekiti likasukumwa hadi ukurasa wa pili, likakaa huko peke yake. Mzee akanipigia. Nilipokwisha kumwamkia akauliza, "Mwanangu, mbona mmenitenga?" Nikamwambia hakuna mjumbe mwingine aliyepewa ukurasa mzima. Akacheka, akaongeza mchango. Baadaye niliipata Carlito, iliyochongwa kila herufi iwe na upana uleule wa Calibri, na mwenyekiti akarudi kwa wenzake. Mchango haukuongezeka tena.

Na GIMP je? Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ina ukali wa mwalimu wa zamu. Ukiiambia ihifadhi picha, inakupa faili la XCF ambalo simu za wanakamati hazilijui. Ukitaka JPG, nenda kwenye amri nyingine kabisa, maana ghala ni ghala na soko ni soko. Kadi ya mwaliko niliituma kwenye kundi mara tatu haifunguki. Ya nne ilipofunguka, ilipokewa kwa vigelegele. Kadi inayofunguka mara ya kwanza nani huipigia vigelegele?

Wine nayo, iliyoanza 1993 ili programu za Windows ziendeshwe ndani ya Linux, imeleta mazungumzo nyumbani. Mimi sinywi. Lakini saa nane usiku mke wangu alinikuta nikimnong'oneza fundi kwenye simu, "Wine imenigomea, nifanyeje?" Akauliza kwa upole kama tuanzie kwa imamu au kwa daktari.

Wapo wanaosema hangaiko hili ni la wazungu. Lakini mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili. Kwa hiyo mbadala kwetu ni mila, tena ya miaka.

Printa pekee ndiyo iliyoniangusha. Nilichomeka waya, ikachapa papo hapo, bila kuuliza neno, bila kunifundisha chochote.